Barua ya wazi kwa Waziri wa Sheria: umri wa mtoto uhesabiwe, si gramu tu

Mheshimiwa Waziri,

Adhabu za dawa za kulevya zikipangwa kwa mizani pekee, mwenye magunia hubanwa, lakini mtu mzima anayempa mtoto wa miaka 13 kete mbili nje ya geti la shule huponea kwenye kosa jepesi. Tunaomba umri wa anayepewa uwe kigezo kinachojitegemea, hata mzigo ukiwa mdogo kiasi gani.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1988 dhidi ya biashara haramu ya dawa za kulevya, Ibara ya 3(5), unataka mahakama ziweze kulihesabu kosa kuwa zito zaidi linapodhuru au kuwatumia watoto, au linapotendeka shuleni na jirani yake. Nchini Marekani, sheria ya shirikisho huongeza maradufu kiwango cha juu cha adhabu kwa mwenye miaka 18 au zaidi anayemgawia aliye chini ya miaka 21.

Ila kifungo kirefu kitabaki maandishi tu kama kesi zenyewe hazisimami. Nyingi zinaweza kuangukia kwenye umri: hati ya mashtaka haikuutaja, au cheti cha kuzaliwa hakikuletwa. Makadirio ya meno na mifupa huweza kupishana na umri halisi kwa miaka 2 au zaidi, kwa hiyo mtoto wa miaka 17 hapo hana ulinzi. Cheti kitafutwe wiki ile ile ya ukamataji. Kikikosekana, mzazi aandike maelezo chini ya kiapo. Na mshtakiwa anayesema "sikujua ni mtoto" aeleze alichukua hatua gani kuujua umri huo.

Kosa linalotuuma zaidi ni kumshtaki mtoto aliyefanywa punda, yaani mbebaji wa dawa, pamoja na aliyemtuma. Akiwa kizimbani hunyamaza, na mara nyingi ndiye shahidi pekee anayemjua mwenye mzigo. Apewe kinga ya maandishi kabla ya kuhojiwa, mlezi wake akiwepo, na mahakamani atoe ushahidi nyuma ya pazia.

Tunakusihi pia usiweke kifungo cha chini cha lazima, kisichomwachia hakimu nafasi ya kupunguza. Kijana wa miaka 18 aliyegawana msokoto na rafiki yake wa miaka 17 hafanani na mtu wa miaka 40 anayetafuta wateja darasani. Hakimu aachiwe kuwatenganisha, na aandike sababu zake.

Wako katika sheria,
Mawakili na waendesha mashtaka wa kesi za watoto