Dawa za sonona zisiachwe ghafla

Mhariri,

Mgonjwa wa sonona huacha vidonge vyake kwa sababu mbili: mwanzoni kwa kuona havimsaidii, baadaye kwa kujiona amepona. Mara zote mbili kosa huanzia dirisha la dawa, anapokabidhiwa pakiti bila maelezo.

Dawa za sonona kama fluoksetini, sertralini na sitalopramu hazitulizi siku hiyo hiyo kama dawa za maumivu. Nafuu huanza kuonekana baada ya wiki mbili hadi nne, na huweza kuchukua wiki sita au nane kukamilika. Maudhi hayangoji. Kichefuchefu, kuumwa kichwa na kukosa usingizi huja siku za kwanza, kisha mara nyingi hupungua ndani ya wiki mbili. Asiyeambiwa kwamba adha hutangulia faida atazitupa, na hatuna haki ya kumlaumu. Kumeza baada ya kula hupunguza kichefuchefu. Fluoksetini, ambayo mtu mzima kwa kawaida huanza na miligramu 20, humezwa asubuhi maana huweza kufukuza usingizi.

Wiki hizo za mwanzo mgonjwa asiachwe peke yake, hasa aliye chini ya miaka 25, kwani mawazo ya kujiua huweza kuongezeka. Akitaja kujiua, akihangaika asitulie, au akikesha bila kuchoka huku akiongea mfululizo, aonwe na daktari siku hiyo hiyo. Amitriptilini, dawa nyingine ya sonona, ni ya kuogopwa zaidi: ikimezwa nyingi kwa mkupuo huvuruga mapigo ya moyo na huua. Itolewe ya siku chache, atunze ndugu.

Anayenunua dawa nyingine ataje anachotumia. Tramadoli, dawa ya maumivu makali, ikikutana na vidonge hivi vya sonona huweza kuleta kutetemeka, jasho, homa, moyo kwenda mbio na kuchanganyikiwa. Hiyo ni dharura. Dawa za maumivu kama ibuprofeni, diklofenaki na aspirini, zikitumiwa pamoja navyo, huongeza uwezekano wa kuvuja damu tumboni.

Nafuu ikipatikana, dawa huendelea kwa miezi isiyopungua sita, mara nyingi tisa hadi 12, la sivyo ugonjwa hurudi kwa urahisi. Kisha daktari hupunguza dozi kidogo kidogo kwa wiki nne au zaidi. Kwa aliyetumia miaka, huenda ikawa miezi. Anayekata ghafla hupata kizunguzungu, hasira, ndoto za kutisha na hisia kama ya shoti ya umeme kichwani, akadhani amekuwa teja. Huo si uraibu: hana uchu wa dawa, ni ubongo uliokwisha kuizoea. Parokisetini na venlafaksini, nazo dawa za sonona, zikikatwa husumbua zaidi kwa kuwa hutoka mwilini upesi. Na aliyesahau dozi moja asimeze mbili kufidia.

Tunawaomba watoa dawa wote waandike juu ya pakiti, kwa kalamu, tarehe ya kurudi kuonwa: wiki mbili tangu kuanza, na wiki moja kwa vijana.

Mfamasia, msomaji wenu