Malalamiko kuhusu AC ya gari inayotoa hewa ya moto na kuongezewa gesi bila kupimwa

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Kampuni ya Matengenezo ya Magari.

YAH: MALALAMIKO KUHUSU AC YA GARI LANGU NA MALIPO YA GESI

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Gari langu limeingia kwenye karakana yenu mara kadhaa kwa tatizo lile lile. AC inapuliza baridi vizuri, halafu ghafla inatoa hewa ya moto, na baadaye baridi inarudi yenyewe bila mtu kugusa kitu. Risiti zenu zote ninazo, na kila moja imeandikwa "gesi imeongezwa". Nimezilipa zote, na gari liko vile vile.

Gesi ikivuja imekwenda, haiondoki saa saba mchana ikarudi saa kumi. Najua gari lenye gesi pungufu nalo huwasha na kuzima kompresa, yaani pampu inayosukuma gesi ya AC, kwa sababu swichi ya presha ya chini huikata kila mara. Lakini gari la namna hiyo hewa yake huanza kuwa vuguvugu na huendelea kuharibika kadiri gesi inavyokwisha. Langu likipoa linapoa hasa: kipimajoto nilichokichomeka kwenye tundu la hewa la katikati kinasoma nyuzi 6. Likigoma, kinapanda mpaka joto la nje na kubaki huko. Geji zenu wenyewe, kwa mujibu wa karatasi ya kazi, zilisoma psi 35 upande wa presha ya chini na karibu 200 upande wa presha ya juu wakati kompresa inafanya kazi. Kwa mfumo wa gesi ya R134a, kama wangu, hivyo ni vipimo vya kawaida kabisa. Sasa fundi aliyeviandika aliongeza gesi kwa sababu gani?

Nilipoleta gari nilieleza, na mpokeaji wenu akaandika, kwamba tatizo huanza baada ya mwendo mrefu injini ikiwa imechemka. Hata hivyo kila safari gari lililala kwenu, likawashwa asubuhi likiwa limepoa, AC ikafunguliwa kwa dakika chache, ikatoa baridi, nikapigiwa simu kwamba limepona. Kosa linalotokea gari likiwa la moto mtaliona saa ngapi kwa utaratibu huo?

Mwishowe nililipeleka kwa fundi umeme wa magari ambaye alikubali kukaa nalo mpaka ligome. Lilipogoma alifungua boneti injini ikiwa inaunguruma, akaniita nitazame. Feni ya kondensa, ile inayopoza gesi, ilikuwa inazunguka. Puli ya kompresa nayo ilikuwa inazungushwa na mkanda kama kawaida, ila ile sahani ya klachi iliyo mbele yake, inayotakiwa kushikana na puli ili kompresa izunguke, ilikuwa imesimama tuli. Akapima waya unaokwenda kwenye klachi, akakuta volti 13 na ushee. Maana yake fyuzi, relei na swichi za presha zote zilikuwa zimesharuhusu. Umeme umefika, klachi ndiyo haishiki. Akachukua mpini wa mbao, akaigonga sahani kidogo (sishauri mtu mwingine ajaribu, mkanda uko pale pale unazunguka). Ikadaka kwa mlio mkali, na muda si muda hewa ya ndani ikawa baridi.

Alizima injini akapima uwazi kati ya sahani na puli. Ulikuwa unakaribia milimita 1. Kwa klachi nyingi za aina hii uwazi unaotakiwa ni kama milimita 0.3 hadi 0.6, na kipimo kamili kimo kwenye kitabu cha mtengenezaji, ambacho naamini karakana yenu inacho. Maelezo yake yalieleweka hata kwangu nisiye fundi. Koili ya klachi ni sumaku ya umeme. Ikipata joto, ukinzani wa waya wake wa shaba unapanda, umeme unaopita unapungua na nguvu ya kuvuta inashuka. Sahani iliyolika na kusogea mbali haivutiki tena. Koili ikipoa, inadaka. Ndiyo hiyo baridi "inayorudi yenyewe".

Dawa yake ni kupunguza uwazi kwa kutoa washa (kipete chembamba cha chuma) iliyo nyuma ya sahani, au klachi ikiwa imelika sana, kubadilisha klachi. Ninyi mara ya mwisho mlinishauri ninunue kompresa nzima. Kompresa ambayo kila inaposhikwa inajenga presha sawasawa!

Kuhusu gesi nina swali moja, na naomba lijibiwe kwa maandishi. Kama mfumo unavuja kiasi cha kuhitaji gesi kila mara, kwa nini hakuna aliyetafuta mahali panapovuja kabla ya kujaza? R134a ina nguvu ya kupasha dunia joto takriban mara 1,430 kuliko uzito ule ule wa kaboni dioksidi, si kitu cha kuachia kipotee hewani kila mteja anapokuja. Na kama hauvuji, mmeniuzia gesi ambayo gari halikuihitaji. Tena mliongeza juu ya iliyokuwemo bila kuitoa na kuipima kwenye mizani, wakati kibandiko chini ya boneti kinataja kiasi chake kwa gramu. Gesi ikizidi, presha ya upande wa juu hupanda na swichi yake huikata kompresa, kwa hiyo huenda mkanitengenezea kosa la pili kabla hamjaondoa la kwanza.

Ninachodai ni hiki. Mnirudishie fedha za gesi zote mlizoongeza baada ya ile ya kwanza. Ya kwanza nakubali ilikuwa kubahatisha kwa nia njema. Gesi iliyomo itolewe yote, ipimwe, mfumo uvutwe hewa vizuri na urudishiwe gramu zilizoandikwa kwenye kibandiko, kwa gharama yenu. Klachi irekebishwe, na kabla sijakabidhiwa funguo gari liendeshwe mpaka lichemke, kisha joto la tundu la hewa na uwazi wa klachi viandikwe kwenye karatasi ya kazi.

Nimeambatisha nakala za risiti na picha ya kipimo cha uwazi. Nasubiri jibu lenu ndani ya siku 14. Lisipofika nitalipeleka suala hili kwenye mamlaka ya kulinda walaji pamoja na nakala hizo hizo.

Wenu,
Mteja