Kozi za jioni ziwafikie mafundi wetu

Mhariri,

Tangu 1975 vyuo vya maendeleo ya wananchi vimefundisha useremala, uashi na ushonaji. Naomba vya huku Mbeya viongeze kozi za jioni za uchumi na misingi ya uhandisi. Pale Mwanjelwa yupo fundi anayesuka mota za mashine za kusaga: anahesabu mizunguko ya waya kwa mdomo, mkono hautetereki, lakini mchoro wa umeme hawezi kuusoma. Hawezi pia kufunga karakana mchana aende darasani; watoto watakula nini? Walimu wapo. Iyunga kuna wahadhiri wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia, na mitaani wamejaa wahitimu wa ualimu wanaosubiri ajira. Wapewe posho, madarasa yafunguliwe saa 11 jioni.

Msomaji wako,
Soweto, Mbeya