Kanisa la Corinne lilikimbiwa na reli

Ndugu Mhariri,

Msomaji mmoja aliandika kwamba huku Utah, jimbo la Marekani, Wamormoni (waumini wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho) waliwatimua Waprotestanti wa kwanza kwa nguvu, makanisa yao yakabaki matupu. Mimi ni dereva wa lori, mkazi wa Salt Lake City, na naomba kumjibu kwa kanisa moja tu: la Wamethodisti wa Corinne, kiasi cha kilomita 100 kaskazini mwetu.

Corinne ulianzishwa 1869, mwaka ambao reli ya mashariki na ya magharibi zilikutana Promontory, jirani tu na hapo. Wakati huo Wamormoni walimwita kila asiye wa kwao mtu wa Mataifa, hata Myahudi. Waanzilishi wa Corinne wakajivunia kuwa mji wa Mataifa. Walitaka hata makao makuu ya Utah yahamie kwao. Mwaka 1870 chama cha kupinga utawala wa Brigham Young, kiongozi wa Wamormoni, kilizaliwa hapohapo, na mwaka huohuo Wamethodisti wakajenga kanisa lao la matofali. Tusiwafanye wanyonge, walikuja kushindana.

Riziki ya mji ilikuwa mizigo: inashushwa kwenye treni, inapakiwa kwenye magari ya ng'ombe na nyumbu, safari hadi migodi ya Montana. Kisha John W. Young, mtoto wa Brigham, akaongoza ujenzi wa reli nyembamba kuelekea kaskazini. Mwaka 1874 ikafika Franklin, Idaho. Ilipozidi kusonga, mizigo ikaacha kupita Corinne. Wafanyabiashara wakafunga maduka, na waumini ndio hao hao. Halikuhitajika jiwe wala rungu. Mashamba yakaja kununuliwa na familia za Wamormoni, kanisa likabaki katikati yao.

Agosti iliyopita niliegesha gari pale. Niliweka kiganja ukutani, matofali yakanichoma kama sufuria iliyotoka jikoni. Mzee mmoja, Mmormoni, aliniuliza kama nimepotea. Nilipomwambia nimelifuata kanisa, alizima mashine yake ya kukatia nyasi, tukalizunguka jengo pamoja.

Sisi Wakongo tunasali kwa Kiswahili katika jengo la kuazima, na kodi za nyumba zikipanda watu wetu wanahamia miji mingine. Jumapili navihesabu viti. Ndiyo maana habari za Corinne zinanigusa, na sipendi zisimuliwe ovyo.

Ndugu yule akifika Utah anitafute, nitampeleka mwenyewe.

Msomaji wako,
Salt Lake City, Utah