Mama, sikupelekwa seminari

Cambridge, Jumapili usiku

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini hamjambo nyote, na goti la bibi limetulia. Mimi mzima, ni baridi tu. Pesa ya mabati nimetuma, si yote; iliyobaki mwisho wa mwezi, inshallah.

Sasa lililonikaa rohoni. Nimesikia alilosema Baba Mdogo kwenye hitima, mbele ya watu wa Kivinje: eti barua yangu ya kukubaliwa imeandikwa Peterhouse, Nyumba ya Petro, kwa hiyo sisomi chuo kikuu, nimepelekwa seminari. Mama, limeniuma mno. Msomee haya.

Huku husomi shahada bila kuwa mtoto wa koleji fulani. Ziko 31, na kila moja ina mali yake, kanuni zake na mkuu wake. Chuo kikuu hutoa mihadhara, hutunga mitihani, na shahada ni yake. Koleji ndiyo inayokuchagua, ndiyo maana barua ilitoka kwao. Ikulaze, ikulishe, na ikukalishe mbele ya mwalimu mkiwa wawili watatu tu. Hujasoma, unajulikana pale pale.

Chuo kikuu chetu hiki cha Cambridge kilianzishwa na wasomi waliokimbia mji wa Oxford mwaka 1209 baada ya kugombana na wenyeji. Peterhouse ndiyo koleji kongwe kuliko zote, ya mwaka 1284. Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco, alishuka Kilwa kwetu miaka 47 baadaye! Mwanzilishi alikuwa askofu, Hugh de Balsham wa Ely, hilo silifichi, na jina lilitokana na kanisa la jirani. Lakini mwanao anasoma uhandisi, na hakuna aliyemuuliza dini yake.

Tena tunakula katika ukumbi wa karne ile ile, kwa mishumaa, na majoho meusi mabegani. Wakisoma dua yao ya Kilatini nami nasoma bismillahi yangu kimoyomoyo. Juzi waliandaa samaki, mweupe, hana nazi wala ndimu. Nikamkumbuka changu wako wa kupaka, ule moshi wa vifuu machoni, nikashindwa kumaliza sahani.

Msalimie shangazi, na wadogo zangu wote. Na ile barua Baba Mdogo anayotembea nayo mfukoni, airudishe sandukuni kwako, uifunge kwa ufunguo.

Mwanao