"Vitini vya bustani vipo bure mtandaoni." Sasa nyie mnauza nini?

Wiki iliyopita mwalimu mmoja katupigia amekasirika. Sisi huandaa na kuchapa seti za bustani kwa ajili ya shule, na shule yake ilichukua moja: kalenda ya ukutani, kadi za mazao na kitini cha mwalimu. Mwenzake akamwonyesha kwenye simu mwongozo wa bustani za shule wa FAO (Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa), bure kabisa. "Mmetuibia," akasema.

Mwalimu, ule mwongozo tunaujua. Umetoka 2005, ni mzuri, na ukija na flashi tunakuwekea bila kukutoza hata mia. Lakini uliandikwa kwa dunia nzima. Haujui kwamba hapa Morogoro masika huanza Machi, wala kwamba Juni watoto wako likizo.

Kuna shule iliwahi kuona bei yetu kubwa, ikapakua mtandaoni chati ya bustani ya Marekani. Ilipendeza kweli: mtoto kavaa buti, kashika nyanya nyekundu. Chati ikasema miche ya nyanya itoke kitaluni Mei. Kwa wenzetu sawa, Mei baridi ndiyo inaisha. Kwetu ndiyo mvua inaaga. Miche ikahamishwa, wiki tatu baadaye shule ikafungwa, kazi ya kumwagilia akaachiwa mlinzi (na mlinzi mwenyewe analinda usiku). Julai watoto walikuta vijiti. Mbegu zikanunuliwa tena, samadi tena, na seti yetu wakaichukua hatimaye. Tuliwaanzisha na mchicha, maana wiki tatu au nne tu unavunwa, mtoto anaona mboga hamu ikiwa bado ipo.

Kwa hiyo kalenda yetu tunaipanga kinyumenyume, kuanzia siku ya kufunga shule kurudi nyuma hadi siku ya kusia mbegu. Wa Dodoma hatumpi ya Morogoro, kule mvua ni msimu mmoja. Hiyo ni kazi ya siku nzima kwa shule moja, na ndiyo mnayoilipia.

Halafu wapo wa "nipe faili tu, nitachapa mwenyewe". Tulimpa mmoja. Akachapa kwa printa ya wino, akabandika kwenye mlango wa stoo ya majembe. Mvua ya kwanza tu, kijani cha spinachi kikachuruzikia kwenye karoti. Sisi tunachapa kwa tona (wino wa unga), tunapiga laminesheni, yaani tunaifunika karatasi kwa plastiki, na kuacha ukingo wa plastiki wa sentimita mbili nje ya karatasi. Ukikata sawa na karatasi, maji yanapenya ubavuni. Hata tundu la kamba tunalitoboa kwenye ukingo huo.

Shule zinazojiandaa kwa Julai, njooni na tarehe za likizo, ukubwa wa eneo hata kama umepimwa kwa hatua, na maelezo ya maji. Ukisema "bomba lipo", tutakuuliza linatoka siku ngapi kwa wiki.