Barua kwa mwanangu: ishirini, ishirini, ishirini

Mwanangu,

Kwamba umepangiwa uuguzi idara ya dharura nimeambiwa na bibi yako, si na wewe. Alilitaja kama jambo la kawaida tu, halafu akalitaja tena, na tena, mpaka mdogo wako akamwuliza kama yeye ndiye aliyeajiriwa. Nimefurahi. Nimeudhika pia kidogo, maana ungeniuliza mapema ningekwambia uombe wodi ya magonjwa ya ndani kwanza, japo mwaka mmoja. Dharura mgonjwa unampata kipande: anaingia, mnamshughulikia, anapandishwa wodini au anapelekwa upasuaji, na yaliyomfika baadaye huyajui. Wodini ndiko muuguzi anakoona hali ikiharibika polepole, kuanzia saa mbili usiku mpaka alfajiri, na macho yakazoea.

Basi, limeshapita. Ya wewe na bibi na ile saa yake ya uuguzi sitayarudia, unayajua kuliko mimi. Nina neno moja tu, na utanisamehe nikilirudia: hesabu pumzi. Zihesabu wewe mwenyewe, dakika nzima, kila mgonjwa.

Utakapofika, chukua chati yoyote na upitie safu ya pumzi. Utakuta 20, 20, 18, 20, 20. Mwenye nimonia, mwenye mguu uliovunjika, anayesubiri ruhusa ya kwenda nyumbani, wote wanapumua sawasawa kana kwamba wamekubaliana. Joto lina desimali, presha ni 137 kwa 84, kwa sababu vyote hivyo vimetoka kwenye kipimo. Pumzi zimetoka kichwani mwa mwandishi. Sisemi kwa kuwasuta wenzangu. Wagonjwa wakizidi na mikono ikapungua, kalamu inaijua njia ya kwenda kwenye ile 20 bila kuelekezwa, na kalamu hiyo naifahamu vizuri.

Ubaya wake ni huu. Mfumo wa alama wa NEWS2, wa kumtambua mapema mgonjwa anayezidiwa, ule wa Royal College of Physicians, chuo cha madaktari cha London, uliotoka 2012 na kurekebishwa 2017, unazipa pumzi 12 hadi 20 alama sifuri. Zikiwa 21 hadi 24 ni alama 2. Zikifika 25 au zaidi ni alama 3, na zikiwa 8 au chini ni 3 vilevile. Alama 3 kwenye kipimo kimoja peke yake inatosha kumwita daktari aje haraka. Sasa mtu anapumua mara 26, wewe umeandika 20: umemwondoa kwenye orodha ya wanaohitaji kuonwa, na hakuna atakayekuja kumtafuta.

Na pumzi hutangulia. Mtu mzima wa kilo 70 anayevuja damu ndani ya tumbo anaweza kupoteza karibu asilimia 30 ya damu yake, yaani lita moja na nusu hivi, namba ya juu ya presha bado ikisoma vizuri, hasa akiwa kijana mwenye afya. Mishipa inajibana kuishikilia. Wakati huo pumzi zimeshapita 20 na mapigo yamepita 100. Presha ikianguka, umechelewa. Maambukizi yaliyoingia kwenye damu ni hivyo hivyo. Mwenye kisukari ambaye damu yake imejaa asidi hupumua kwa kina na kwa kasi ili kuitoa kaboni dioksidi. Kifua chake ukikisikiliza ni safi kabisa, na asiyejua humwambia atulie, ana wasiwasi tu. Usimwambie mtu yeyote ana wasiwasi kabla hujampima sukari na oksijeni.

Pumzi zinazoshuka nazo zinatisha, pengine zaidi, kwa kuwa zinafanana na nafuu. Mwenye pumu aliyeingia akipumua mara 36, kifua kinapiga filimbi, ghafla unamkuta ana 14, ametulia, filimbi haisikiki. Huyo misuli imechoka, hewa haiingii tena vya kutosha hata ya kupigia hiyo filimbi. Aliyepewa mofini, dawa ya maumivu makali, anaweza kufika 6 huku akionekana kalala usingizi mzuri. Ukimpa naloksoni, dawa inayoizima mofini, ataamka, lakini naloksoni huisha mwilini kabla ya dawa nyingi za jamii ya mofini, kwa hiyo ile 14 uliyoifurahia inaweza kurudi 7 ndani ya saa moja. Usimwache kwa kuwa amefumbua macho na kukusalimia.

Kuhesabu kwenyewe. Usimwambie mgonjwa kuwa unahesabu pumzi, akijua ataanza kupumua kwa kujitazama. Shika kifundo cha mkono wake kama unayepima mapigo, ulaze mkono huo juu ya kifua au tumbo lake, maliza mapigo, halafu bila kuuachia mkono hamia kwenye pumzi. Kupanda na kushuka ni pumzi moja. Ile njia ya sekunde 15 mara nne iache kabisa: ukikosea pumzi moja umekosea nne, na 20 na 24 ni watu wawili tofauti. Sekunde 30 mara mbili, labda kwa mtu mzima ambaye pumzi zake zinakwenda kwa mpangilio, na hapo nakubali shingo upande. Ukiwa unahesabu, tazama pia: shingo inavuta? Mbavu zinabonyea? Anamaliza sentensi au anakatiza kila maneno matatu? Hayo yaandike pembeni ya namba.

Mtoto mchanga ni dakika nzima, hakuna mjadala, kwa kuwa pumzi zake hukimbia, zikasimama kidogo, zikakimbia tena. Tazama tumbo, na usihesabu akilia au akinyonya. Mipaka ya Shirika la Afya Duniani unayo kichwani, najua, lakini niachie niandike: chini ya miezi 2, kuanzia 60 ni kasi, miezi 2 hadi 12, kuanzia 50, mwaka 1 hadi 5, kuanzia 40. Ukipata 60 au zaidi kwa mchanga, hesabu mara ya pili kabla ya kuandika.

Utaniambia idara yenu ina monita, zile mashine za kumfuatilia mgonjwa. Umeshamwambia bibi hivyo, amenieleza. Monita nyingi hukadiria pumzi kwa vile vibandiko vya kifuani, kwa kufuata mabadiliko ya umeme kifua kinapotanuka. Mgonjwa akitetemeka inahesabu mtetemeko. Akigeuka inapotea. Aliyezibwa koo, kifua kinahangaika bila hewa kupita, inaweza kumhesabia pumzi vizuri tu. Na kile kipimo cha kidoleni kinasoma oksijeni kwenye damu, hakisomi kama mtu anapumua vya kutosha. Aliyewekewa barakoa ya oksijeni anaweza kuonyesha 98 huku kaboni dioksidi ikimlaza taratibu. Aliyetolewa kwenye moshi wa jiko la mkaa kitasoma 99 na kumbe damu imebeba monoksidi ya kaboni, kwa sababu hakiwezi kuzitofautisha. Mikono ya baridi na rangi ya kucha navyo hukidanganya.

Bibi yako alifanya kazi wakati kipimo hicho hakipo wodini, mashine ya presha moja kwa wodi nzima, na saa ikining'inia kifuani kichwa chini ili aisome bila kugusa kitu. Ndiyo maana macho yake ni makali. Lakini hapa sikiliza, na usimwambie kuwa nimeandika hivi: si kila cha bibi ni cha kuiga. Kizazi chake kilirudishia sindano kifuniko kwa mikono miwili, wewe usirudishie kabisa, itupe yenyewe na bomba lake kwenye boksi la vitu vyenye ncha kali, na boksi likifika robo tatu lifungwe. Kizazi chake kiliamini oksijeni haina madhara, kila anayehema apewe kwa wingi. Siku hizi tunalenga 94 hadi 98 kwenye kile kipimo cha kidoleni kwa wengi, na 88 hadi 92 kwa wale wa magonjwa sugu ya mapafu ambao kaboni dioksidi huwajaa. Ukimpa huyo wa pili kwa wingi, pumzi zinaweza kupungua mbele yako, na utaliona hilo kama tu unazihesabu.

Sindano ikikuchoma: maji yanayotiririka na sabuni, usiminye, usiweke klorini. Toa taarifa hapo hapo, si mwisho wa zamu. Dawa za kinga dhidi ya VVU zianze ndani ya saa chache, mwisho kabisa ni saa 72, na ni siku 28 bila kuruka. Nimeikuta kadi yako ya chanjo kwenye droo ya chini, chini ya risiti za tenki. Homa ya ini B inaonyesha dozi mbili. Ya tatu ulichoma wapi? Kama hukuchoma, kachome kabla ya kuanza kazi, kisha baada ya mwezi mmoja au miwili upime kama kinga imeshika. Hili lisisubiri mshahara wa kwanza wala nini.

Jambo jingine ni adrenalini, kwa kuwa ndiko wageni wa dharura wanakojikwaa. Ampuli ya moja kwa elfu ina miligramu 1 ndani ya mililita 1. Kwa mzio mkali, mtu mzima ni miligramu 0.5, nusu ya ampuli hiyo, kwenye msuli wa paja upande wa nje, na inarudiwa baada ya dakika 5 asipopata nafuu. Kwa moyo uliosimama ni miligramu 1 mshipani kila dakika 3 hadi 5. Ukimpa mwenye mzio dozi ya moyo uliosimama, mapigo yanaweza kuvurugika akafa mikononi mwenu. Kwa hiyo agizo la mdomo lirudie kwa sauti: jina la dawa, kiasi, njia. Subiri aliyeagiza aseme ndiyo. Akikukaripia kwamba unapoteza muda, rudia tena. Wewe una aibu ya kuuliza, umeirithi kwangu, na hiyo ndiyo itakayokuponza kuliko kutojua.

Kuhusu njia iliyo mbele, usiende mbio. Miezi ya mwanzo omba kuwa chumba cha uangalizi na chumba cha mahututi, chini ya mtu mwenye uzoefu. Triaji usikubali kukalishwa peke yako mapema, hata wakikusifu. Pale unaamua nani aonwe sasa na nani akae kwenye benchi, kwa dakika chache na kwa vipimo ulivyochukua mwenyewe. Ndipo ile 20 ya kubuni inapoua, maana anayerudishwa benchi hapimwi tena mpaka aanguke. Kila aliye benchi muda mrefu mpime upya. Hiyo ni sehemu ya kazi ya triaji ingawa watu huisahau.

Kozi zifuate kwa mpangilio: kuokoa uhai ya msingi, kisha ya juu, kisha ya watoto, kisha majeruhi. Cheti cha American Heart Association, chama cha moyo cha Marekani, ni cha miaka 2 lakini mikono huanza kusahau ndani ya miezi michache, hivyo likiwepo sanamu la mazoezi idarani lipige mara kwa mara: kifua kishuke sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, mpokezane kila dakika 2. Aliyechoka hukandamiza juu juu na hajijui. Uongozi wa zamu, shahada ya uzamili, ualimu, hayo yatakuja na sitaki kuyasikia mwaka huu. Bibi anataka uwe matroni. Mwache atake.

Viatu nunua vilivyofunika vidole, visivyoteleza, vinavyofutika damu. Nakala za cheti na leseni nimezipiga, moja iko kwangu. Saa ya bibi fundi amesema mashine imekufa, ni urembo tu sasa, kwa hiyo usimpe moyo kwamba utaivaa kazini. Nunua ya bei rahisi yenye mshale wa sekunde unaoonekana gizani, na usiifunge mkononi, mikono lazima iwe mitupu kuanzia kiwiko ili unawe vizuri. Ukitoka zamu ya usiku lala kwanza ndipo uendeshe gari.

Nitumie ratiba ya zamu zako ikitoka, nijue lini simu yako isiyopokelewa ni kazi na lini ni uvivu. Mdogo wako anauliza kama anaweza kuhamia chumba chako. Nimemwambia aandike yeye mwenyewe akuombe. Bomba la nyuma bado linavuja, fundi ameahidi kesho, ile kesho yake unayoijua.

Na mgonjwa wako wa kwanza kabisa, nataka namba yake ya pumzi. Jina na ugonjwa usinitajie, namba tu. Ikiwa 20 nitakuuliza ulihesabu sekunde ngapi.

Baba yako